Kidole cha Kapita

Fikiri na Daktari Domitille walikuwa hawapikiki chungu kimoja, na katika uwanja wa kampuni ya ulinzi ya Macho Wazi hapakuwa na asiyelijua hilo. Gari la daktari likipiga honi getini, kila mlinzi alikumbuka ghafla kazi aliyoiacha upande wa pili. Wawili hao wakikutana, hata salamu ilikuwa na mwiba ndani.

Domitille alikuwa daktari wa mifugo, mjane mwenye nyumba yake mtaa wa Nguba, mama aliyesomea Lubumbashi na asiyekubali mtu asahau kwamba alisomea Lubumbashi. Fikiri alikuwa maître-chien, ndivyo Bukavu wanavyomwita mlinzi anayefanya kazi na mbwa, na mbwa wake aliitwa Kapita. Siku moja, katika soga za kubadilishana zamu, Fikiri alisema kwamba yule mama alisomea ng'ombe, na mbwa aliwaona kwa mara ya kwanza kwenye kalenda. Watu walicheka sana. Maneno hayana miguu lakini hufika, na haya yalifika Nguba kabla ya jioni. Tangu hapo Domitille hakumwita Fikiri kwa jina lake tena. Alimwita Professeur.

Lakini chuki ya Fikiri ilikuwa na mzizi wa chini zaidi. Kulikuwa na mbwa jike, Diva, aliyeumia kidole cha mguu wa mbele, na Domitille akakikata. Jeraha lilipona vizuri, hilo hata Fikiri hakuweza kulikanusha, ila Diva hakuweza tena kushika ukuta. Na Bukavu si mji wa tambarare. Nyumba za Muhumba na Nguba zimening'inia kwenye miteremko, ukuta juu ya ukuta, na mwizi wa huku ni mtu wa kupanda. Jean-Marie, mwenye kampuni, ambaye wote walimwita Patron, alikuwa na sheria yake: mbwa asiyepanda hana kazi mjini. Diva akapakiwa ndegeni kwenda Shabunda kulinda ghala la mnunuzi mmoja wa dhahabu, mnyororo shingoni kutwa kucha. Habari zake zilikuja kidogo, kisha zikakoma. Kwa Fikiri, aliyemmaliza Diva si Shabunda. Ni kisu cha Domitille.

Basi elewa jinsi moyo ulivyompasuka siku Kapita alipoteremka kutoka ukuta wa Muhumba na kidole kimefunguka. Mwizi alikuwa ameruka, mbwa akaruka nyuma yake, na mguu wa mbele wa kulia ukanasa katikati ya vipande vya chupa vilivyopandwa juu ya ukuta. Mwizi alikwenda zake na kiatu kimoja. Kapita alibaki na kidole kirefu cha katikati kimechanika mpaka mfupa ukaonekana, ukucha umegeuka kutazama mawinguni. Fikiri alimbeba mikononi, mbwa mzito kama gunia la makaa, akapanda naye kilima kwenye tope akimwaga matusi kwa kila mtu aliyewahi kujenga ukuta.

Fikiri alikuwa mtoto wa mzee Tambwe, muuza vitenge wa Uvira, ukoo wa Waislamu wenye maduka yao tangu babu. Alipochagua mbwa akaacha duka, baba alimwambia asirudi na najisi yake, na mama akawa anampokea nje ya mlango, na kikombe chake peke yake. Alipanga chumba mtaa wa Cimpunda, hakuoa, na jioni alizungumza na Kapita mambo ambayo watu wengine huzungumza na ndugu. Mtu aliyefukuzwa kwao kwa ajili ya mbwa hawezi kumpoteza mbwa huyo hivi hivi.

Domitille aliosha kidonda, akashona, akafunga bandeji, akamvisha Kapita kola pana ya plastiki ili asijilambe. Kisha akatoa maagizo kwa Patron, ingawa Fikiri alikuwa amesimama hapo hapo ubavuni mwake.

"Patron, ambia mutu yako ile mbwa ilale. Isitembee, isiruke. Hii kidole ya katikati njo inabeba muzito yote. Nyuzi zikikatika, uchafu unaingia mpaka mu mufupa, na mi nakata."

"Na ukikata, itapanda ukuta?" aliuliza Patron.

"Itaishi muzuri."

"Nimekuuliza ukuta, Docteur."

Domitille alifunga mkoba wake. "Mi ni docteur ya banyama, hapana fundi ya ngazi."

Patron alijikuna shingo. "Bazee banasema kidole kimoja hakivunji chawa. Kumbe kimoja kinaweza kuvunja mbwa muzima."

Fikiri alimtazama yule mama kwa jicho la kumtoboa, akaapa moyoni kwamba safari hii kisu hakitapata kazi.

Na alimuuguza Kapita kama mtoto mchanga, lazima niseme. Alimpa kijumba kidogo karibu na jiko, akamtandikia godoro lake mwenyewe, akamfunga kwa kamba fupi. Akitoka zamu hakwenda Cimpunda. Alikaa chini sakafuni, akazungumza naye.

Sasa ngoja nikueleze jambo moja la kazi yao. Mbwa wa Macho Wazi walifunzwa zamani na Mbelgiji mmoja mzee, aliyeondoka akawaachia walinzi maneno yake. *Asi*, mbwa anakaa. *Kushe*, analala. Neno kubwa kuliko yote ni *opie*. Ukilitamka hilo, mbwa hata kama yuko usingizini anaruka, anakuja upande wako wa kushoto, na kuikita miguu ya mbele chini kando ya kiatu chako, tayari kwa vita. Walinzi hubadilishana zamu, kwa hiyo mbwa alifundishwa kulitii neno hilo kutoka kinywa cha yeyote anayemjua. Fikiri aliyajua maneno hayo kama lugha ya mbwa. Hakuwahi kujiuliza yalitoka lugha gani ya watu.

Asubuhi Joviale, mpishi wa walinzi, alipita na sahani ya makombo ya ugali na samaki, akachungulia mlangoni. "Eh Kapita, papa, bado uko na malopie?"

Malopie ndilo jina la kila maumivu ya mguu katika uwanja ule: ukikanyaga msumari, ukivimba kifundo, kiatu kikikubana, una malopie. Walilitoa kwenye Kifaransa siku nyingi, wakalimeza zima zima, na hakuna aliyekumbuka tena kwamba liliwahi kuwa na vipande. Walinzi wa zamu ya mchana walipita: pole Kapita, pole na malopie. Walinzi wa jioni nao hivyo hivyo. Na aliyelitaja kuliko wote alikuwa Fikiri.

"Pole, mutoto yangu. Malopie itaisha. Malopie ni ya siku mbili tatu."

Kapita aliruka kutoka godoro, akaja kujibandika kushoto kwake, kichwa juu, macho yanang'aa. Fikiri alimrudisha, akamkemea kwa upole kwamba mwenye malopie hasimami. Kapita akaruka tena. Mapenzi haya, aliwaza Fikiri. Kushoto kwake ndiko Kapita alikokuwa siku zote, kwa hiyo Fikiri hakuona ajabu kumkuta huko.

Domitille aliporudi na kufungua bandeji, nyuzi zilikuwa zimekatika na kidonda kinacheka.

"Nani alitoa hii mbwa inje?"

"Hakuna mutu alimutoa."

"Professeur, niko nakuuliza kwa amani."

"Na mi niko nakujibu kwa amani, Maman Docteur. Haikutoka. Wallahi."

"Usimuapishe Mungu kwa uongo. Nyuzi hazikatwe na malaika." Akamgeukia Patron, akaongeza kwa Kifaransa chake kilichopigwa pasi, "*Il a toujours mal au pied*," yaani mguu bado unamuuma, na Kapita, aliyefungwa mdomo na kushikwa juu ya meza na watu wawili, akapapatika kwa nguvu mpaka meza ikasogea. "Unaona? Inaumwa mpaka inataka kukimbia meza."

Alishona upya. Kidonda kikafunguka upya. Mara hii Patron alikuwa ametia kufuli lake mwenyewe kwenye kamba ya Kapita, na ufunguo uko mfukoni mwake. Kwa hiyo Fikiri aliona ukweli umesimama upande wake, akaushika kwa mikono miwili.

"Patron, ufunguo iko kwako. Sasa mwambie huyu mama atuambie: hii nyuzi analeta ni ya kushona banyama ao ni ya kushona magunia?"

Domitille alivua miwani. Alikuwa mfupi, lakini alipovua miwani watu walirudi nyuma. "Nyuzi yangu imeshona mbwa ya wazungu na ya bajenerali. Haikukatika. Inakatikaga kwako tu. Juu ya nini, Professeur? Labda unataka ikatike. Labda unapenda kukaa na mugonjwa kuliko kusimama na fimbo inje mu mvua."

Fikiri alimwendea. Patron aliingia katikati, tumbo mbele, mikono juu, akamsukuma mmoja huku na mwingine kule. Alipowatenganisha alitoa hukumu akiwa bado anahema: Ijumaa Docteur anakata, na yule mnunuzi wa Shabunda ameshaomba mbwa mwingine. Hakutaka kusikia neno zaidi. Fikiri alitoka akapiga ukuta teke, na kwa haki ya Mungu aliumia yeye, na ukuta haukuumia.

Ijumaa mvua ilianza asubuhi na mapema, ile ya Bukavu inayoshuka na udongo wa kilima. Joviale alikuwa ameteremka sokoni Kadutu. Domitille alipanga vyombo vyake juu ya meza ndani ya kijumba: mkasi, kisu, sindano, koleo dogo ambalo Fikiri hakutaka kulitazama. Patron alisimama mlangoni na simu sikioni. Kapita alilala kwenye godoro na kichwa chake ndani ya ile plastiki, akiwatazama kwa zamu.

"Mushike," alisema Domitille.

"Nipe dakika."

"Nimekupa majuma. Mushike."

"Uliua Diva, sasa unataka na hii."

"Mi nilikata kidole. Diva alipelekwa na Patron yako, na wewe ulinyamaza, juu Patron anakulipa. Chuki yote ukaleta kwangu. Ni rahisi kuchukia mwanamuke mwenye kisu."

Patron mlangoni aligeuza mgongo, akaongea na simu kwa sauti kubwa zaidi. Maneno hayo yalimchoma Fikiri kuliko tusi. Alipiga magoti sakafuni, hatua moja kutoka godoro, akaisahau meza na kisu na yule mama.

"Usiogope, mutoto yangu. Leo malopie inaisha."

Kapita aliruka. Kamba fupi ilimruhusu kiasi hicho hicho. Alitua kushoto kwa Fikiri, akaikita miguu yote miwili ya mbele kwenye saruji, ubavu wake ukagusa paja lake, kichwa juu. Bandeji ikaanza kuwa nyekundu kuanzia ncha.

"Umesema nini?" aliuliza Domitille. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Nimesema naye. Hata kusema unakatalia?"

"Sema tena ile neno ya mwisho."

"Inaisha."

"Hapana. Mbele ya ile."

"Malopie?"

Kapita, ambaye alikuwa ameshafika, alijisogeza zaidi na kukita mguu tena. Damu ilipiga alama sakafuni. Domitille alimnyooshea Fikiri kidole asiseme tena, akamrudisha mbwa kwenye godoro yeye mwenyewe. Akaenda kusimama upande wa pili wa godoro, akawapa wote mgongo, akauambia ukuta polepole kama mwalimu wa darasa la kwanza: "Mal. Au pied."

Alipogeuka, Kapita alikuwa kando ya kiatu chake cha kushoto, amekaza, anasubiri amri ya vita.

Patron alikata simu.

"*Au pied*," alisema Domitille. "Njo amri yenu ile, hapana? Opie. Munasema opie kutwa muzima hamujue ni Kifaransa? *Pied* ni muguu. Kuja ku muguu. Na mal au pied, ni kuumwa muguu. Neno moja, Professeur! Kila mutu anayemupa pole, anamuamuru asimame!"

Kisha akacheka, na kilikuwa kicheko kibaya, cha mtu anayetafuna pilipili. Kikakatika katikati. Fikiri aliona uso wake ukibadilika, akajua alichokumbuka: ile meza iliyosogea. "Na mi pia," alisema, akilitema neno kama mbegu. "Juu ya meza. Nilisema na mi." Hakuomba radhi. Aliinama akaanza kufungua bandeji.

Fikiri alibaki pale pale magotini. Alikuwa anahesabu, na hesabu ilimshinda. Kila jioni. Kila pole. Alimpa mbwa godoro lake, kisha akamwamuru, kwa sauti tamu kabisa, aruke kutoka humo na kupasua kidole chake. Wengine walipita mlangoni na neno moja. Yeye alikaa nalo mpaka usingizi. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, na Fikiri aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto.

Domitille alinusa kidonda kwa karibu, akabonyeza, akanusa tena. "Mufupa haijaoza. Bado."

"Basi?" alisema Patron.

"Basi sikati. Lakini hapana hapa. Hapa hakuna kinywa kinafungika. Namupeleka kwangu Nguba, nyumba yangu hakuna mutu wa kusema. Ile neno asiisikie mpaka kidole kishike."

"Mi nitanyamaza," alisema Fikiri. "Abaki. Nitanyamaza."

"Wewe? Wewe haunyamaze hata ukiwa usingizi. Na sauti yako njo mubaya kuliko zote, juu njo ile anaipenda. Ukikohoa tu anasimama. Usikuje kwangu. Hata kupita barabara yangu usipite."

"Na akipona?"

Alimjibu Patron, si Fikiri. "Akipona, afundishwe upya na mutu mwingine, na maneno mingine. Akirudi kwa huyu, kidole kitapasuka mwezi wa kwanza."

Patron alifikiri kwa muda ambao mtu hutumia kuchagua viazi. Mbwa anayepanda ukuta alikuwa na faida kwake kuliko mlinzi aliyenuna. "Sawa. Akipona atachukuliwa na Elysée, mulinzi wa zamu ya muchana. Fikiri, unakubali ao Docteur akate sasa hivi?"

Fikiri alimtazama Domitille. Angependa kukuta furaha usoni mwake, ili amchukie kwa raha. Hakuikuta, na alimchukia zaidi kwa hilo. Alimchukia kwa kuwa alisema kweli, kwa kuwa mikono yake ilikuwa mipole pale kwenye kidole, kwa kuwa angekuwa naye asubuhi na jioni. Alitikisa kichwa kukubali. Tayari alikuwa anaogopa kufungua mdomo.

Alimbeba Kapita mpaka garini chini ya mvua. Mbwa alimlamba sikio na shingo njia nzima, mate yakateremka ndani ya shati, naye hakujifuta. Mara ngapi neno lilimjia mpaka kwenye meno! Pole. Usiogope. Nitakuja. Aliyameza yote, kwa sababu sauti yake ikitoka tu mbwa angeamka kumfuata. Alimlaza kwenye kiti cha nyuma. Kapita aliweka kichwa chini, akamtazama, akingoja aambiwe lolote, kama alivyoambiwa kila siku ya maisha yake.

Domitille aliwasha gari, akateremsha kioo cha nyuma kidogo mbwa apate hewa. "Funga mulango taratibu," alimwambia Fikiri.

Gari lilifika getini wakati Joviale anaingia, kikapu kichwani, kitenge kimelowa. Alimwona Kapita kwenye kioo, akaweka mkono kifuani. Alijua Ijumaa ni siku ya kukata. Hakujua lingine lolote. Aliinama kwenye ule upenyo, uso umejaa huruma ya kweli.

"Eh Kapita, papa yangu, hii ma..."

Fikiri aliruka. Alimfunga kinywa kwa kiganja kizima, akamvuta nyuma, kikapu kikaanguka, nyanya zikaanza safari yao kuteremka barabara. Joviale alimng'ata kidole. Fikiri hakuachia. Joviale alimng'ata tena, na Fikiri akashikilia mpaka gari likapita geti, ndipo alipomwachia, naye Joviale akamzaba kofi lililosikika mpaka kwa jirani.

"Mwenda wazimu! Mutu mubaya! Banapeleka mbwa yako kumukata, na hata neno moja haumwambie, hata pole! Na mi nikitaka kumwambia, unanifunga kinywa! Uko na moyo ya nini wewe?"

Walinzi walikuwa wametoka kutazama, na kwa nyuso zao walikuwa upande wa Joviale wote. Fikiri hakumjibu. Gari lilikuwa bado karibu, na kioo bado kiko wazi. Alisimama kwenye mvua, kidole kinavuja damu, akiangalia kioo cha nyuma mpaka gari lilipokata kona ya kushuka Nguba. Hakuna kichwa kilichoinuka. Ndivyo alivyotaka, na ilimuuma vibaya sana.